Mimi wa Kwenye Wimbo Ni Nani?

Hotuba kwa wapenzi wa muziki, Tabora mjini

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, kina mama, kaka na dada, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: mwangaluka! Mmeitikia vizuri, hata wageni wetu wa Kigoma ambao nilidhani watanijibu kwa Kiha.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "mjadala wa mashabiki kuhusu mashairi ya muziki wa panki". Hiyo ni lugha ya barua. Mimi hupita pale kijiweni kila jioni nikitoka sokoni, na ninachokisikia si mjadala, ni ugomvi. Ugomvi mzuri, bado hakuna aliyepigwa, lakini ni ugomvi.

Kwa wazee ambao hawakijui kisa: panki ni roki ya kasi na kelele, na kuna bendi yake ya Marekani inaitwa Green Day. Ni watu watatu, mmoja gitaa na sauti, mmoja besi, mmoja ngoma. Bendi ilianzia California mwaka 1987, waanzilishi wake wakiwa bado wanafunzi. Oktoba 2023 walitoa wimbo wa kuitangulia albamu yao ya Januari 2024, na jina lake peke yake ni uchokozi: "The American Dream Is Killing Me". Msemaji analalamika kwamba ile ndoto ya Kimarekani, ile ya kwamba ukijituma utapata nyumba, gari na heshima, ndiyo inayomuua. Fundi simu wetu aliuleta kijiweni kwa spika yake ndogo. Miaka imepita, lakini kijiweni kwetu wimbo ni mpya mpaka ubishi wake uishe, na huu haujaisha.

Kambi ziko tatu. Kambi ya kwanza inasema hawa jamaa wanaitukana nchi yao, na mtu anayetukana nyumba aliyolelewa hana adabu. Ya pili inasema hapana, wanawasemea watu walioshindwa kulipa kodi ya nyumba wakaishia kulala chini ya madaraja. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye kelele, inauliza: hawa ni watu wa miaka 50 na ushee, albamu yao moja tu ya mwaka 1994 imeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, hiyo ndoto imewaua saa ngapi? Dereva wa bodaboda mmoja alimaliza kwa kusema, "Kama ndoto inaua namna hiyo, na mimi iniue."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba kambi zote tatu zina tatizo moja. Zote zinaihukumu bendi, na hakuna hata moja iliyouliza swali ambalo lilipaswa kutangulia: ndani ya wimbo ule, anayesema "mimi" ni nani? Hilo ndilo nililokuja nalo leo. Mkilijibu hilo, nusu ya ugomvi itaisha yenyewe, na nusu itakayobaki ndiyo inayofaa kugombaniwa.

Baadhi yenu mnanijua kama mzee wa kanda. Kabla simu hazijaiua biashara ile, nilikuwa na kibanda cha kurekodi. Mteja analeta kanda tupu ya dakika 60 au 90 na orodha yake kwenye karatasi, mimi natafuta nyimbo, narekodi, anarudi jioni kuchukua. Wengi walitaka dansi, Kongo, taarabu na kwaya. Roki ilikuwa kidogo sana. Lakini walikuwapo wanafunzi wa sekondari waliopewa kanda za panki na ndugu zao wa Dar es Salaam, zikaja na treni, na hao walikuwa na tabia moja. Walikaa kwenye benchi langu na daftari, wakaniomba nipige mstari mmoja, nisimamishe, nirudishe nyuma, nipige tena. Wanaandika neno kwa neno. Kitufe cha kurudishia kilifutika maandishi kabisa, kikabaki plastiki nyeupe. Walipokwama kwenye neno, kila mmoja alijaza la kwake. Nimewahi kuona daftari mbili za wimbo mmoja: katika moja mwimbaji analaani vita, katika nyingine anavisifu, na wenye daftari wote wawili wako tayari kula kiapo.

Panki humtesa msikilizaji wa namna hiyo kuliko muziki mwingine. Kwanza ni kasi. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na yote inakwisha kwa dakika 29. Hujamaliza kupiga chafya, wimbo umepita. Lakini kasi ni tatizo dogo, siku hizi maneno yameandikwa kwenye simu. Tatizo kubwa ni kwamba waimbaji wa panki wanapenda sana kuvaa sauti ya mtu wanayemchukia.

Chukueni Dead Kennedys wa San Francisco. Mwimbaji wao alijiita Jello Biafra. Naona wazee wamenyanyua vichwa. Ndiyo, ni Biafra ile ile, jimbo lililojitenga na Nigeria, ambalo Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kulitambua, Aprili 1968. Kijana mzungu wa Colorado alilichukua jina la watu waliokuwa wanakufa kwa njaa, akalibandika kwenye jina la kitindamlo cha watoto wa Marekani, ili shibe na njaa zikae pamoja kila anapoitwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumsikiliza juu juu.

Wimbo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1979. Unaanza kwa mwimbaji kujitambulisha kuwa yeye ni gavana wa California, Jerry Brown, mtu wa kweli aliyekuwa madarakani siku hizo. Anatangaza kwamba karibuni atakuwa rais, kwamba watoto wenu watafanya tafakuri shuleni watake wasitake, na kwamba polisi wa siri watakuja nyumbani wamevaa nguo za kupendeza. Anayesikiliza huku anaosha vyombo atasikia mtu anahubiri udikteta. Aliyetulia atasikia mtu anamkejeli mwanasiasa aliyeonekana mpole mno, anasema: hata huyu mwenye tabasamu, mpeni madaraka yote muone.

Sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 1981 Marekani ilikuwa na Rais Ronald Reagan. Bendi ikaurudia wimbo ule ule kwa maneno mapya, gavana akaondolewa, Reagan akawekwa. "Mimi" ya wimbo ikawa kama kiti cha kinyozi: anashuka mmoja anakaa mwingine, kioo ni kile kile. Na mwaka huo huo walilazimika kurekodi wimbo mwingine usio na kejeli hata chembe, wa kuwaambia vijana wenye alama za Kinazi waondoke kwenye maonyesho yao, kwa tusi ambalo siwezi kulitamka mbele ya mama zangu hawa. Walifanya hivyo kwa sababu vijana hao walikuwa wanakuja. Walisikia kelele na hasira wakadhani wamefika nyumbani. Mtu aliyezoea mafumbo akaona sasa ayaweke chini, aseme wazi.

Mnasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Sawa. Lakini mjinga naye analipa kiingilio, anaingia ukumbini, na anaweza kumvunja mtu pua.

Kuna shida ya upande wa pili pia, pale mwimbaji anaposema kwa moyo wake mwenyewe, halafu msikilizaji ndiye anayemvika sura nyingine. Agosti 1976, katika kanivali ya Notting Hill, London, vijana weusi walipambana na polisi. Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash, bendi ya panki ya London, walikuwapo. Machi 1977 wakatoa wimbo wao wa kwanza, na msemaji ndani yake anawaonea wivu vijana weusi kwa ujasiri wao na kuwauliza vijana weupe wa tabaka la chini: ninyi mbona mmekaa kimya? Jina la wimbo lilitaja weupe na ghasia. Basi wapo walioishia kwenye jina, wakadhani ni mwito wa weupe kuwapiga weusi. Ilhali albamu yao ya kwanza ina rege ya Jamaika ndani yake, na tarehe 30 Aprili 1978 walipanda jukwaani Victoria Park, London, katika tamasha kubwa la kupinga ubaguzi wa rangi. Ningekuwa kijiweni mwaka ule ningesema: kabla hujamhukumu msemaji wa wimbo, angalia anasimama na nani jukwaani.

Kisa cha bendi ya Minor Threat ya Washington kinaumiza zaidi. Mwimbaji wao, Ian MacKaye, alisoma shule yenye wanafunzi weusi wengi, na mwaka 1981 bendi yake ilitoa wimbo ambamo kijana mweupe anakataa kubebeshwa dhambi za watu waliokufa zamani. Yeye alisema daima kwamba nia yake ilikuwa kupinga ubaguzi, kwamba mtu asihukumiwe kwa rangi yake. Mimi, kusema kweli, nikisikia mtu mweupe analalamika hivyo nchini Marekani, nakunja uso hata kama nia yake ni safi. Lakini sikilizeni kilichotokea mwaka 1996. Bendi ya metali, Slayer, iliuimba upya wimbo ule, na mwishoni kabisa wakageuza neno moja tu, badala ya kuwa na hatia kwa sababu ya weupe ikawa kwa sababu ya kuwa sahihi. MacKaye alichukizwa sana. Wimbo ni ule ule, gitaa ni lile lile, lakini aliyesimama katika "mimi" si kijana wa shule tena. Ni mtu mzima anayejisifu.

Na msidhani ndani ya bendi kwenyewe wanakubaliana. Mei 1985 Reagan alitembelea makaburi ya wanajeshi huko Bitburg, Ujerumani, ambako wamezikwa pia askari wa kikosi cha SS cha Hitler. Joey Ramone, mwimbaji wa Ramones, alikuwa Myahudi. Ramones wakatoa wimbo wa kulaani ziara ile. Mpiga gitaa wao, Johnny, alikuwa shabiki wa Reagan, na wimbo ulipoingizwa kwenye albamu ya mwaka 1986 jina likabadilishwa kwa shinikizo lake, lile la kumkejeli rais likasukumwa kwenye mabano. Hebu fikirini: mtu anapiga gitaa kwa nguvu zake zote kwenye wimbo unaomtukana mtu aliyempigia kura. Sasa shabiki wa Tabora anayesema "Ramones wanaamini hivi" anamaanisha Ramone yupi?

Nasikia mtu anasema huko nyuma kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu. Siyo. Johannesburg, mwaka 1979, chini ya makaburu, vijana weusi na weupe waliunda bendi ya panki iliyoitwa National Wake. Walipiga pamoja wakati sheria ilikataza hata kuishi mtaa mmoja. Albamu yao ilitoka mwaka 1981, polisi wakawaandama, mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Pale swali la "mimi" lilikuwa gumu kweli kweli, kwa sababu sheria ya nchi ilishaamua nani aseme "sisi" na nani.

Na turudi hapa hapa. Mji huu ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi tatu kubwa kwenye mji mmoja wa reli, na wazee waliokaa mbele wanajua nani alikuwa upande gani. Sitawataja, wengine sasa ni wakwe. Kwa jirani zetu Wasukuma kuna Bagalu na Bagika: ngoma mbili zinapigwa siku moja, uwanja mmoja, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, na watu wake, na mshindi ni yule ambaye umati umehamia kwake. Manju anamrushia mwenzake maneno makali ambayo wangeyasemea kwenye kilabu wangefikishana kwa mtendaji. Uwanjani hakuna kesi. Kila mtu anajua kwamba pale anasema manju, siyo jirani yako unayechangia naye kisima.

Lakini somo kubwa liko kwenye taarabu, na hapa naomba vijana wa panki mnisikilize, najua mnajiona mko mbali na bibi zenu. Nendeni ukumbini usiku mmoja. Mwimbaji anaimba kwamba "mimi" nimetulia na wangu na "wewe" utakonda kwa husuda. Mwimbaji mwenyewe pengine hana ugomvi na mtu yeyote, amechoka, anataka arudi akalale. Mama mmoja anainuka mezani, noti ya elfu kumi imebanwa kati ya vidole viwili, anakwenda kutunza. Haendi moja kwa moja. Anazungukia upande wa pili mpaka afike mbele ya meza fulani, pale anapunguza mwendo, mabega yanacheza, anaupokea mstari ule kwa mdomo wake na kuutamka huku anamtazama mtu. Kisha ndipo anaendelea jukwaani. Tangu dakika ile "mimi" ni yeye, na "wewe" ni yule aliyeinamia soda yake, na ukumbi mzima unajua. Mwimbaji ameazimwa mdomo tu.

Waswahili mnalijua jambo hili tangu tumboni. Ndiyo maana nashangaa mkikaa kijiweni na wimbo wa Kimarekani mnakuwa kama hakimu wa mwanzo: kasema, basi kasema.

Hata wakubwa hulisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala aliimba kuhusu soksi, na kila mtu alijua soksi zile si za miguuni. Wapo waliosema anafundisha uzinzi. Wengine tulikuwa tumeshazika watu kwa ukimwi, tukasikia daktari wa mtaani anatusihi. Redio ya taifa haikuupiga. Ninavyokumbuka mimi, wimbo uliokataliwa redioni ndio uliowauzia kanda zaidi wenye vibanda, lakini hilo tuliache.

Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Polisi wakamkamata Morogoro, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia wimbo. Haikuchukua hata siku mbili, Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza kijana aachiwe na wimbo upigwe, na zaidi ya hapo akashauri uboreshwe, waongezwe na wakwepa kodi. Maneno hayakubadilika hata herufi. Jumapili yalikuwa kosa, Jumatatu yakawa mchango kwa taifa. Kilichobadilika ni msikilizaji alimwona nani kwenye ile "mimi". Mmoja alimwona kijana anayeitukana serikali. Mwingine alimwona raia anayewataja wabaya, na yeye mwenyewe hajioni miongoni mwao.

Haya, sasa turudi kwa Green Day, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Nimeuandika wimbo ule kwa mkono, kama wateja wangu wa zamani. Kiitikio ni chepesi: msemaji ni mtu wa chini, mtu anayekufa polepole. Lakini ubeti una jambo ambalo kambi zote tatu zimelipita kwa spidi ya bodaboda. Kuna mahali msemaji anasema hataki lile kundi la maskini waliobanana. Kambi ya kwanza inapafikia pale inaruka: si mmesikia, hawataki wahamiaji! Polepole. Maneno yale hayakuokotwa tu. Yametoka kwenye shairi la Emma Lazarus la mwaka 1883, lililowekwa kwenye Sanamu ya Uhuru New York, ambalo linaziambia nchi nyingine: nileteeni waliochoka, nileteeni maskini wenu. Kila mtoto wa shule wa Marekani anakutana nalo. Anayesema "sitaki" maneno yale anajibu shairi lile. Je, ndiye yule yule anayekufa kwenye kiitikio? Haiwezekani. Yule wa kiitikio mwenyewe ni maskini aliyebanana. Kwenye ubeti anasema mwenye nyumba, kwenye kiitikio anasema mpangaji. Wimbo mmoja, watu wawili, na wote wanajiita "mimi".

Mimi sipendi walivyofanya, na nitasema. Dead Kennedys walijitambulisha tangu mstari wa kwanza: mimi ni gavana fulani. Mwenye taarabu anatumia shingo na mkono. Green Day hapa wamebadilisha msemaji bila kupiga hodi, halafu kwenye mistari hiyo hiyo wakatupia mitandao, kodi na watu wanaolala juu ya vioo vilivyovunjika, vyote kwenye kapu moja. Msikilizaji akipotea, kosa si lake peke yake. Kwa hiyo kambi ya kwanza, nawatetea kidogo: mmesikia kweli kitu kinachoudhi. Ila mmekosea mlango, mmekwenda kumgombeza mpangaji.

Kambi ya pili, ninyi mna haki kwenye kiitikio tu. Msijifanye wimbo mzima ni sadaka.

Kambi ya tatu, njooni hapa mbele, maana ninyi ndio mlionileta. Hoja yenu ya utajiri ni ya zamani kuliko ninyi. Huko Berkeley kuna ukumbi kwenye mtaa wa Gilman, unaoendeshwa kwa kujitolea, na ulikuwa na mwiko: bendi yenye mkataba na kampuni kubwa haipandi jukwaani. Green Day walikulia pale. Walipotia saini na kampuni kubwa mwaka 1993, mlango ukafungwa, na hawakupiga tena pale mpaka mwaka 2015, kwenye onyesho la kuchangisha fedha. Wenzao wa mtaani waliwanunia kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo bodaboda wetu asidhani amevumbua kitu.

Lakini je, tajiri anaruhusiwa kuimba njaa? Nasema ndiyo, ndani ya wimbo. Kwaya inaimba "mimi mwenye dhambi" na mwenye sauti ya kwanza ni mzee wa kanisa. Hakuna anayemwuliza ametenda dhambi gani juzi. Albamu yao ya mwaka 2004, iliyotoka wakati wa vita vya Iraki, ni hadithi nzima ya kijana wa vitongojini mwenye jina lake na visa vyake, mpaka ikaja kuwa mchezo wa jukwaani Broadway mwaka 2010. "Mimi" wa mle ni yule kijana. Bendi inapozeeka yeye hazeeki.

Ila kuna siku mwimbaji anatoka ndani ya wimbo, na siku hiyo mna ruhusa ya kumkamata. Mkesha wa kuamkia mwaka 2024, kwenye televisheni, Billie Joe Armstrong, mwimbaji wa Green Day, aliimba wimbo wa mwaka 2004 uliobeba jina la albamu ile, na akabadilisha maneno machache ili kuwataja waziwazi wafuasi wa Donald Trump. Alikuwa ameshafanya hivyo jukwaani miaka ya nyuma, lakini safari hii nchi nzima ilikuwa macho inasubiri saa sita. Kesho yake ikawa vurugu. Wapo waliomwambia aache siasa apige muziki, jambo la kushangaza kidogo kuambiwa mtu ambaye wimbo wenyewe ulitungwa kwa siasa. Elon Musk naye akasema bendi iliyokuwa inaupinga mfumo sasa inautumikia. Mnaweza kukubaliana na Armstrong au kumpinga. Lakini pale hakuwa amevaa sauti ya mtu. Yule kijana wa vitongojini alisogezwa pembeni kwa sekunde tatu, mtu mzima mwenye jina, mali na kura akasema la kwake. Hapo swali la utajiri linafaa. Hapo muulizeni anaishi wapi, tiketi zake zinauzwa bei gani, na nani anaweza kuzinunua. Mkimuuliza hayo kwenye kiitikio cha Oktoba 2023, mnamsumbua mtu ambaye hayupo.

Nina ombi moja la vitendo kabla sijakaa. Wimbo mwingine ukija kijiweni, na utakuja, atafutwe mmoja mwenye mwandiko mzuri auandike wote kwenye karatasi, na pembeni ya kila mstari aandike nani anasema: mwenye nyumba, mpangaji, polisi, mwimbaji mwenyewe, au hajulikani. Msione aibu kuandika "hajulikani". Karatasi ile ibandikwe pale kwenye mwembe. Anayetaka kubisha abishe na mstari, akiuonyesha kwa kidole. Mimi nitaleta gundi.

Muda wangu umekwisha na chai imeshaingia, naisikia harufu ya tangawizi. Maswali sasa. Yule dada mwenye kitenge cha bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja Biafra, na kwa anavyonitazama nadhani hakubaliani na mimi. Mpeni kipaza sauti.